Maputo ya Harusi na Kidevu cha Mume Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kumi na sita ya ndoa! Asubuhi nimemwandalia mume wangu chai — mume wangu, mume wangu, mume wangu, hamu ya kuliandika neno hili hainiishi — nikaenda kumwita, nikamkuta bafuni mbele ya kioo anajipepea shingo kwa kifuniko cha sufuria.

Nilidhani anacheza. Kumbe anaungua! Shingo nzima imeumuka vipele, imekuwa kama ganda la fenesi. Huku chini ya kidevu damu imetoka vidoti vinne. Amebandika pamba kila kidoti. Hata hivyo alikuwa mzuri. Sijui anafanyaje.

Tatizo ni kazi. Pale kiwanda cha mikate hawataki unywele hata mmoja karibu na unga. Kila asubuhi msimamizi anasimama getini na donge la pamba, anampitishia kila mtu mashavuni na kidevuni. Pamba ikinasa, unarudi nyumbani. Wenyewe wanamwita Bwana Pamba. Mume wangu ameshanaswa mara mbili, na miezi yake mitatu ya majaribio inakwisha Jumatatu ijayo. Akinaswa mara ya tatu, kazi hana. Na kazi ikienda, chumba hiki chetu chenye mapazia yangu ya maua kinaenda nacho, tunarudi kulala kwa mama mkwe katikati ya mashine mbili za kushonea.

Kwa hiyo ananyoa kila siku, kavu kavu, kwa wembe uleule butu wa tangu kabla hatujachumbiana. Halafu anajipaka spiriti! Nikamshika mikono nikamwambia, mpenzi, nitakutafutia wembe mpole kuliko mimi.

Akasema, "Mpole kuliko wewe? Basi hata shoka litapita."

Nimecheka mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 5 Machi

Nimetoka kazini saa kumi (leo nimetoa fotokopi za vyeti mia mbili, vidole vyote vyeusi) nikaenda moja kwa moja kwa kinyozi wa pale kona. Huyu kinyozi ana ndevu zinazofika kifuani. Nikajiuliza kama ni dalili njema.

Nimempa maelezo yote ya shingo ya mume wangu, pengine hata zaidi ya yaliyohitajika, kwa sababu wateja wawili waliacha gazeti wakanisikiliza. Nikamwonyesha niliyonunua njiani: wembe wa njano wa plastiki, wa kutumia na kutupa, na mwingine wa fahari wenye nyembe tano zimepangana kama ngazi.

Ule wa tano aliushika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Shemeji, nyembe tano kwa kidevu kimoja? Huo si unyoaji, ni uvamizi!" Akaeleza: wembe wa kwanza unavuta unywele, wa pili unaukata, wa tatu unaufuata mpaka chini ya ngozi. Kwa mwenye ndevu za kujikunja kama mume wangu, unywele ukianza kuota tena unajipinda na kuchoma nyama kutoka ndani. Ndiyo vipele. Anachohitaji yeye ni wembe mmoja tu, uliofungwa kwenye kishikio kizito cha chuma, unaochungulia kidogo. Uzito wa chuma ufanye kazi, mkono usikandamize. Taulo la moto usoni dakika tano. Povu jingi. Ufuate ndevu zinakolala, upite mara moja. Na ngozi ipumzike kabla.

Nikamuuliza, nitajuaje kama wembe ni mpole kabla haujamgusa mume wangu?

Akasema wao walijifunzia kwenye puto. Unalipaka povu, unalinyoa. "Likipasuka, shemeji, huyo mteja umemzika."

Puto! Na chini ya kitanda chetu kuna maputo matano yaliyobaki harusini! Meupe, yamechorwa mioyo miwili! Nimekimbia njia nzima.

Jumatano, 6 Machi

Nimefanya majaribio. Mpenzi wangu alikaa kitandani kama hakimu.

Puto la kwanza, wembe wa njano. Nimelipaka povu, nimegusa tu — pa!

Puto la pili, wembe wa ngazi. Huu ulikwenda vizuri hadi karibu na fundo, pale panaponywea kama shingo. Pa!

Puto la tatu, wembe wake wa zamani. Huu naapa haukufika hata kuligusa. Pa!

Povu darini. Povu kwenye mapazia. Povu kwenye kope zangu, na mume wangu akanifuta kwa kidole kimoja kimoja, polepole... Nisiendelee, mambo mengine hata shajara haiyahitaji.

Mlango ukagongwa. Mama mwenye nyumba. Akauliza, "Bibi harusi, kuna usalama humo ndani? Nasikia vishindo." Nikamwambia shwari, mama, namfanyia mume wangu majaribio tu. Nilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko na wembe mkononi. Mume wangu nyuma yangu, pamba zake nne shingoni, akampungia mkono.

Mama mwenye nyumba akamtazama kwa huruma ndefu. Akamwambia, "Mwanangu, mlango wangu uko wazi saa zote."

Ana roho nzuri sana yule mama.

Alhamisi, 7 Machi

Amepita! Ila kwa tundu la sindano. Uzi mmoja wa pamba ulining'inia kidevuni, Bwana Pamba akautazama, akaupuliza, ukaruka. "Leo upepo umekuokoa," akamwambia.

Amerudi shingo inawaka. Nimemwekea kitambaa cha maji baridi. Hakuweza hata kugeuka kunitazama, ikabidi mimi ndiye nizunguke.

Ijumaa, 8 Machi

NIMEUPATA!

Duka la vipodozi, kabati la nyuma, ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha bluu. Chuma kitupu. Mzito kama ufunguo wa lango. Unazungusha chini ya kishikio, kichwa kinafunguka mbawa mbili kama dirisha. Muuzaji akasema huu ndio wa ngozi nyepesi, una kizuizi pembeni, hauwezi kumdhuru mtu. Nikaununua bila hata kumaliza kumsikiliza.

Puto la nne. Nikapaka povu. Nikavuta pumzi. Nikapitisha — kimya! Povu linaondoka, puto linabaki linang'aa kama shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikarudia. Kimya. Nikakandamiza makusudi. Kimya! Mume wangu naye akajaribu, kwanza kwa mkono wa kushoto, kisha kwa kulificha nyuma ya mgongo. Kimya kabisa!

Akasema huu si wembe, ni malaika. Tukakumbatiana kwa furaha, tukasahau kwamba puto liko katikati yetu. Pa!

Ng'ambo ya ukuta nikamsikia mama mwenye nyumba: "Yarabi, hata siku ya Ijumaa!"

Limebaki puto moja. Na mpenzi hana zamu kuanzia leo hadi Jumapili, basi hanyoi tena mpaka Jumatatu alfajiri, ngozi ipumzike. Ndevu zinaanza kuchomoza. Nazipenda! Sijamwambia.

Jumapili, 10 Machi

Aibu, aibu, aibu. Nianzie wapi.

Saa nne asubuhi, mama mkwe huyo mlangoni! Hakututaarifu. Ametoka kwenye kazi zake za ushonaji vilevile alivyo, futi shingoni, pini zimechomekwa safu nzima kifuani. Nikasema shikamoo mama. Akasema marahaba, huku ananipita, akamshika mwanawe kidevu, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto.

"Nimepigiwa simu," akasema. "Nimeambiwa mkwe wangu anampiga mwanangu. Tena kila siku."

Nikakosa pa kuweka uso. Mume wangu ndiyo kwanza anaangua kicheko, hawezi hata kunitetea!

"Mimi mwenyewe nilimlea kwa kandambili," mama mkwe akaendelea, "lakini niliacha alipofika kidato cha pili. Wewe ndiyo umeanza upya?"

Nikamweleza yote, kuanzia pamba hadi maputo. Nikamwonyesha vipande vya puto. Alipoelewa alikaa sakafuni akacheka mpaka pini mbili zikadondoka. Kisha akataka kuuona huo wembe wa ajabu. Nikamletea ndani ya kisanduku chake, kwa mikono miwili.

Akauzungusha. Mbawa zikafunguka. Akachungulia. Akanitazama.

"Mwanangu," akasema taratibu, "wembe wenyewe uko wapi?"

Si ndiyo huo, mama.

"Hiki ni kishikio. Wembe unanunuliwa kando, unalazwa humu ndani."

Nimelinyoa puto kwa kitu ambacho kwa hakika ni kijiko!

Mume wangu naye akachungulia. "Ndiyo maana ulikuwa mpole."

Leo Jumapili, lile duka limefungwa. Nikaanza kulia. Mama mkwe akasema nyamaza, fundi hakosi wembe, yeye anafumulia nini mishono? Akatoa mkobani wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake, akaulaza ndani, mbawa zikajifunga. Ulienea kama walizaliwa pamoja.

Ikabidi tujaribu upya. Puto la tano, la mwisho. Mume wangu akalishika, mimi nikanyoa, mama mkwe akafunga macho akafungua moja. Nimenyoa juu. Kimya. Nimenyoa ubavuni. Kimya! Nimebakiza pale kwenye fundo tu, pale panapofanana na shingo, na mama mkwe akashindwa kuvumilia. "Mwanangu umepona!" akapiga yowe, akalikumbatia puto kifuani.

Kifuani penye pini.

Pa!

Mama mwenye nyumba akaingia na fagio, "Mwacheni mtoto wa watu!" Akatukuta watatu tumejaa povu, na mwenye povu zaidi ni mama mkwe, nyusi zote mbili.

Basi sasa hatujui. Wembe ni mpole juu na ubavuni. Shingoni hakuna ajuaye. Na maputo yamekwisha.

Jumatatu, 11 Machi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mpenzi wangu amekaa kwenye kiti, kichwa nyuma, taulo la moto usoni. Dakika tano, kinyozi alisema. Naandika ili nisihesabu kwa sauti.

Vipele vimelala. Siku tatu za kupumzika zimemfaa. Lakini ndevu zimekuwa nyingi, pamba ya Bwana Pamba ingekwama humo kama kwenye miiba. Hakuna njia nyingine.

Alikuwa anyoe mwenyewe. Akashika kishikio, akajitazama kiooni, akanirudishia. "Wewe ndiye umeuchagua," akasema. "Ninyoe wewe."

Mimi! Niliyelipasua puto la kwanza kwa kuligusa tu!

Mama mkwe alilala hapahapa. Ameshika donge la pamba, tayari kupima kabla hatujamwachia. Nimemwomba kwa heshima zote atoe pini. Ametoa. Mama mwenye nyumba amekaa mlangoni juu ya ndoo iliyogeuzwa, anasema amekuja tu kuona.

Dakika ya tatu. Povu tayari. Wembe mmoja. Nisikandamize. Nifuate zinakolala. Nipite mara moja.

Ya nne. Anasema kitu chini ya taulo. Nimemwambia arudie. Amefunua mdomo tu: "Mke wangu, kama umeandika kwamba naogopa, futa."

Sifuti.

Ya tano. Mama mkwe anasema mkwe wangu, weka hiyo kalamu. Nasema naweka, mama, bado mstari mmoja. Nimemtoa taulo, nimempaka povu hadi masikioni, wembe mkono mmoja, kalamu mwingine, na yeye amefumba macho, ameniinulia shingo yote, na anatabasamu, jamani asitabasamu, mashavu yanakunjana, ngozi inatakiwa inyooke —