Stendi Aliyoifunga Baba Yako

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
Jumatatu, 13 Januari 2025.

Mpendwa mwanangu Umair,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta huko Sharja ukiwa mzima, kazi yako inakwenda sawa, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha. Huku hatujambo. Mama yako Lubaba analalamikia magoti, lakini kila alfajiri yuko jikoni kabla yetu sote. Mimi shangazi yako ni mzima, alhamdulillahi, ila presha imenipanda wiki hii, na sababu yake unaijua.

Salamu ni wajibu na nimeutimiza. Simu umenikatia mara mbili. Barua huwezi kuikata, kwa hiyo isome mpaka mwisho.

Dada yako Fiza ameungua mguu. Ameungua kwa sababu yako, na nitakueleza hatua kwa hatua ili usije ukasema hukufahamishwa.

Siku ya mwisho ya mwaka, rafiki yako Sabir alikuja na spana zake. Alituambia kwamba stendi ya kati ya pikipiki anayopelekea Fiza chakula imepinda, na kwamba anaipeleka Majengo kwa fundi Dzoro ikanyooshwe. Alilala chini hapo mbele ya baraza yetu, akaivua, akaondoka nayo. Tulimshukuru. Mama yako alimpakulia kaimati akala, akaongezwa.

Stendi haikurudi siku ya pili, wala ya tatu. Fiza akawa anaisimamisha pikipiki kwa ile stendi ndogo ya ubavuni. Wewe umekulia katika uchochoro huu na unajua maana yake. Pikipiki iliyosimama wima juu ya miguu miwili hukaa karibu na baraza, na mkokoteni hupita bila kuomba njia. Pikipiki ya stendi ya ubavuni hulala upande wa njia, na usukani wake humngoja mpita njia kama kiwiko cha mtu asiye na adabu.

Jumanne iliyopita Fiza alikuwa amesimama baina ya pikipiki na baraza, anafunga kreti mbili za chakula cha mchana. Injini alikuwa ameiwasha ipate moto. Kingi, yule hamali wa maji, akaja na mkokoteni uliojaa madumu. Alijibana kadiri alivyoweza, lakini dumu moja liligusa usukani. Pikipiki ikainuka, ikapindukia upande wa pili, ikamwangukia dada yako. Ekzosi ilimbana muundi kwenye jiwe la baraza. Kingi ndiye aliyeiinua, peke yake, naye analia kuliko aliyeungua. Usimlaumu. Kila asubuhi huja kumjulia hali, na maji anayoyaleta huyapandisha mwenyewe mpaka jikoni.

Chakula chote kilimwagika njiani. Wali, mbaazi, samaki wa kupaka, vyote alivyovipika mama yako tangu saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya wale makarani wa ofisi ya forodha. Emmah, msichana wa Machakos anayewaagizia wenzake, alikuja mwenyewe jioni kumwona mgonjwa. Alisema kwa upole, “Mama, mimi nitawashikilia nafasi mpaka Jumatatu. Jumatatu msipokuja, mkubwa wangu ameshanipa nambari ya mpishi mwengine.” Hiyo ndiyo kazi ya pekee waliyonayo mama yako na dada yako. Ulitaka kuivunja kwa spana moja.

Nilimwita Sabir. Alikaa barazani, macho chini. Nilimuuliza stendi iko wapi. Akasema bado inanyooshwa. Nikamwambia kwamba chuma kilichopinda hakinyooshwi kwa wiki nzima isipokuwa fundi anakinyoosha kwa kukiombea. Hapo akatoa ya moyoni. “Shangazi, mimi nimetumwa tu. Umair alisema Fiza ni mwepesi wa mwili, akikosa stendi pikipiki itamshinda, ataiacha mwenyewe bila maneno. Na mimi niliambiwa niikate vipande.”

Bila maneno. Nimeyarudia maneno hayo mpaka yamenikaa kooni. Ungempigia simu dada yako ukamwambia kwamba hupendi kazi yake, angekujibu, na mngegombana kama watu wa nyumba moja. Wewe ulimtuma mtu aje amlaghai, ale kaimati za mama yako, kisha aondoke na kitu kilichomlinda.

Sabir anasema ulimweleza kwamba wenzako wa huko wanakuuliza kuhusu dada anayepita Biashara Street juu ya pikipiki, na kwamba unaona haya. Siku uliposafiri, tuktuk yako ilikwama Makupa. Ni Fiza aliyekufuata, akakupakia nyuma ya pikipiki hiyo hiyo pamoja na begi lako, akakufikisha uwanja wa ndege. Ulimshika kiuno usianguke. Siku ile haya yako ilikuwa wapi?

Tena ulijua stendi ile ni kazi ya nani. Ndugu yangu Saifuddin, Mungu amrehemu, alikuwa tayari mgonjwa alipoipima kwa uzi, akaenda nayo Majengo ikachomelewa, akaja akaifunga mwenyewe hapa nyumbani. Alimfundisha Fiza kila bolti. Wewe ulikuwa umekaa barazani unakunywa chai. Baba yako alijua kwamba hatakuwapo kuishikilia pikipiki binti yake anapopakia, akaacha kitu cha kuishikilia badala yake. Hicho ndicho ulichoagiza kikatwe vipande.

Hakikukatwa. Ijumaa nilipanda tuktuk mpaka Majengo. Dzoro aliponiona aliweka chini kazi yake. Aliingia ndani, akaitoa imefungwa kwa gazeti. “Sabir aliniambia nikate,” alisema. “Nikamwambia hii namjua aliyeipima. Nikaiweka juu ya kabati, nikajua mwenyewe atakuja.” Mtu asiye na nasaba nasi alimheshimu baba yako kuliko wewe.

Alitaka kuja kuifunga. Nilikataa. Nilitaka kazi hii ifanyike mlangoni petu, kwa mikono yetu, kila jirani aione.

Jumamosi asubuhi nilitandika mkeka chini, nikavaa miwani, nikalala chali ubavuni mwa pikipiki. Nina miaka sitini na minane, Umair. Fiza alikaa barazani, mguu wake wenye bendeji juu ya mto, akawa ananielekeza. Gurudumu la nyuma tulilipandisha juu ya kipande cha ubao. Breki ya mbele tuliifunga kwa kitambaa ili pikipiki isitembee, na Kingi akaishika. Nilipaka grisi, nikalinganisha matundu ya stendi na ya fremu, nikapitisha bolti ndefu, nikakaza nati, nikaingiza pini na kuikunja ncha. Mpaka hapo ilikuwa kazi ya subira tu.

Kilichotushinda ni springi. Wewe hukuwahi kuifunga, kwa hiyo hujui. Ni ngumu kama moyo wa mtu fulani. Upande mmoja hutiwa kwenye ndoano ya fremu, kisha upande wa pili lazima uvutwe mpaka ufikie ndoano ya stendi. Ukiivuta kwa koleo huchomoka na kuruka usoni. Ilinichuna vidole mara mbili. Baba yako alikuwa akiivuta kwa leso iliyosokotwa kama kamba, kwa sababu leso haitelezi, na hata ikikatika haimuumizi mtu. Nilipaza sauti niletewe leso kuukuu.

Mama yako alikuwa dirishani, anasoma dua kwa sauti kama kwamba tunamzalisha mtu. Akanyamaza. Akashuka kwa magoti yale yale, ngazi moja moja, akaifungua leso aliyokuwa amejifunga kiunoni, akanipa. Ni ile uliyomnunulia Biashara Street wiki uliyosafiri. Nilimwambia, “Wifi, hii itaharibika.” Akasema, “Vuta.”

Niliisokota, nikaipitisha, nikakanyaga jiwe la baraza. Fiza akaniambia, “Shangazi, vuta kama unavuta sikio la Umair.” Springi iliingia mara hiyo hiyo.

Leo ni Jumatatu. Fiza amefunga kreti zake, amekwenda na amerudi na vyombo vitupu. Emmah ameagiza tena kwa wiki nzima. Dada yako aliporudi aliikanyaga stendi kwa mguu mzima, pikipiki ikapanda juu yake, na mkokoteni ukapita.

Sasa nakuagiza, si nakuomba. Sabir ameshaomba radhi, bado wewe. Mpigie dada yako simu wewe mwenyewe, usimtume mtu. Usianze kwa kumuuliza hali ya pikipiki. Ukitaka kusema kwamba kadi ya pikipiki ina jina lako, ni kweli, ina jina lako. Basi panda ndege, uje mchana, uivue stendi hiyo kwa mkono wako mbele ya mama yako. Spana utazikuta kwangu.

Fiza hajaniambia nikusalimu, nami siwezi kuandika salamu zisizotumwa. Kingi na Dzoro wanakusalimu, kwa kuwa hawana kinyongo. Mama yako anakusalimu sana na anakuombea kila sala. Dhidi yako hajatamka neno hata moja. Leso yako ameifua mara tatu. Grisi haikutoka, na pale ilipochanika ameshona kwa uzi mweusi. Anajifunga hivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi ugenini na akurudishe kwetu ukiwa na akili ya baba yako.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda na bado nimekasirika,

Rukhsana