Mashini ya Watoto Imejifunga

Kasongo, Jumanne

Kaka Serge,

Pokea salamu zangu kutoka huku ofisini, na za baba yangu Mzee Lukumani, anayekuulizia kila akitoka musikitini. Unaamkaje huko Salamabila? Shimo la zahabu halijakuumiza? Sisi miili iko mizima, lakini roho iko taabani. Simu yako imenyamaza, ndiyo maana nimemuomba Djamali akuletee barua hii kwa pikipiki.

Kaka, mashini ya watoto, ile kompyuta ya ofisi, imejifunga. Batri za sola zilikufa, ikazimika, na tulipoiwasha ikaomba maneno yako ya siri. Picha za watoto wote waliopotezana na wazazi, na vijiji vya familia zinazowalea, zimo ndani. Nje hakuna hata moja, maana wewe ulitufundisha kufuta kila kitu kwenye simu tukishanakili, watu wabaya wasijue watoto wako wapi.

Utasema kuna kifurushi cha ufunguo wa pili. Aka, Serge! Kipo kweli. Lakini ulitueleza mwenyewe kwamba programu hii ya bure inakuja tupu, kila kazi ya ziada ina kifurushi chake, na kukiweka peke yake haitoshi, lazima kiwashwe. Kile cha kufunga ulikiwasha. Kile cha ufunguo wa pili ulikiweka tu, halafu habari za shambulio la Wamaza zikafika, tukakaa matanga ya binti yako Elsa, nawe ukaondoka bila kuaga. Hakuna aliyekiwasha. Sasa kimelala ndani ya mashini iliyofungwa, na mimi niko nje nalia.

Nimejaribu jina la mama yako. Nimejaribu Wamaza. Unisamehe, nimejaribu hata jina la Elsa. Yote imekataliwa. Fundi Octave anasema bila maneno hayo hata walioandika programu yenyewe hawawezi kitu.

Mama mumoja wa Kabambare, Aziza, anayemutafuta mutoto wake, analala kwenye baraza yetu. Kila asubuhi ananiuliza kama mashini imeamka. Namwambia bado, halafu naenda kujificha nyuma ya ofisi.

Najua unaichukia kazi hii. Ulisema ulitunza watoto wa watu wote, wako ukamukosa. Basi kaa chini, kaka, nikuambie nilichoficha.

Siku ile batri zilipokufa nilikuwa naangalia picha mupya. Kikundi kilichozipiga kilikuwa kimeshafunga kazi na kutawanyika. Nikaona mutoto wa kike, mukono wa kushoto una kovu la mawese ya moto, lile alilolipata akimusaidia mama yake Mado kukaanga. Chini ya picha imeandikwa amesema baba yake anatengeneza ordinatere, hizi kompyuta. Nikapiga kelele. Nilipotaka kufungua ukurasa wa kijiji alipo, mashini ikazimika usoni pangu.

Elsa iko hai, Serge. Tulimulilia bure. Mado sijamwambia, kwa sababu ataniuliza iko wapi, na mimi sijui. Ni mashini yako tu inayojua.

Ulinikataza kuandika maneno yale kwenye karatasi yoyote. Leo yaandike. Yaandike hapo hapo uliposimama, umupe Djamali, aanze kurudi. Wewe utamufuata nyuma.

Nisalimie wenzako wa shimoni. Mungu akusindikize njiani, na batri mupya zisituangushe.

Ni mimi dada yako wa kazi, nisiyepata usingizi,

Rehema Lukumani