Sabuni ya Noeli Aliyotumiwa Muyisa

Rughenda, Butembo
21 Januari 2001

Mpendwa yaya Ézéchias, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe, wifi Nadège na mtoto Bénite. Mnaamkaje huko Lubumbashi? Bénite ameanza kutembea? Kifua chako kimepoa, au bado kinakusumbua wakati wa mvua? Sisi huku tunapumua. Mama anakula kidogo, anafagia kiwanja, usiku anasinzia. Barua hii naiacha mikononi mwa mfanyabiashara mmoja wa kanisa letu anayepitia Kampala. Nimemwomba asiikunje.

Najua habari ya Muyisa ilikufikia kwa fonia, ile redio ya kuzungumzia. Kwenye fonia kila mtu anasikiliza, ndiyo sababu tulisema tu kwamba mdogo wetu amefariki na amezikwa. Lakini wewe ndiwe mkubwa wetu tangu baba alipotutoka. Nataka uyajue yote kutoka kwangu, usije ukayasikia kwa wengine yakiwa yamegeuzwa.

Unakumbuka Noeli za nyumbani, Mama akipika sabuni ya mawese na mchaichai, akiikata kwa waya na kuigawa kwa pastori, kwa majirani, na kila mtoto kipande chake. Wewe ulikuwa unanuna kwa sababu wenzako walipewa viatu. Mwaka huu mawese ya kutoka Mbau yalifika kwa shida, barabara haifai, akapika sufuria ndogo tu. Kipande cha kwanza alikifunga kwa jani la mgomba, akasema ni cha Muyisa.

Muyisa alikuwa ameingia Mai-Mai, wale wapiganaji wa milimani wanaopigana na askari wa mjini, tangu mwezi wa tano, bila kuaga, baada ya askari kumpiga mbele ya watu kwenye barieri, kizuizi cha barabarani karibu na uwanja wa ndege. Kule milimani walimnyunyizia maji ya dawa, yale wanayosema yanamkinga mtu na risasi. Dawa hiyo ina miiko yake. Haguswi na mwanamke, hata awe mama yake. Hapokei kitu mkononi mwa mwanamke. Na hanawi kwa sabuni. Nilimkumbusha Mama. Alijibu huku anakaza kamba:

“Najua, Élise. Ni juu ya ile ndiyo namutumia. Akinawa nayo, hatakuwa tena mutu wa kule. Atarudia kwetu.”

Aliyeipeleka ni Anne-Marie, jirani yetu anayeuza chumvi kwenye masoko ya milimani. Kwa ajili ya ule mwiko aliiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma. Anasema Muyisa aliiokota, akainusa, akauliza kama Mama ni mzima. Halafu akateremka mtoni mbele ya wenzake wote, akanawa kichwa mpaka miguu. Mkubwa wao akamwambia maji yamemtoka, hawezi kwenda nao tena. Muyisa akajibu kwamba vizuri, yeye anakwenda kula Noeli kwao.

Anne-Marie alimsihi angoje amalize kuuza ili washuke pamoja. Hakutaka.

“Mama ananingojea,” alisema.

Ilikuwa mchana, siku moja kabla ya Noeli. Askari waliokuwa wakizunguka walikutana naye chini kwenye mikaratusi, kijana peke yake anatoka milimani. Hawakumwuliza kitu. Anne-Marie alipofika nyuma yake alimkuta njiani, akamfunika kwa kikwembe alichojifunga. Kesho yake, watu wakitoka ibadani, wanaume wa kanisa walikwenda wakamleta kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Yaya, alikuwa bado ananukia mchaichai.

Baada ya maziko maneno yakaanza. Watu walisema sabuni ndiyo iliyovunja dawa, kwa hiyo Mama amemwua mwanawe. Mwanamke mmoja alikuja kurudisha kipande alichopewa cha Noeli, akakiacha mlangoni bila kubisha. Pastori Ananie alipopata habari alikuja kumfariji Mama, akamweleza kwamba sabuni haiwezi kuita risasi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

“Hiyo najua, pastori,” akasema. “Mimi haiko dawa nalilia. Siku ile mutoto alikuwa mu njia juu ya mimi kumwita.”

Pastori alikaa nasi mpaka chai ikapoa, akaomba, akaenda zake. Mama alisema analia, lakini chozi halikuwa limetoka, hata kaburini. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote.

Mwaka mpya ulipoanza akaja Adèle, mke wa yule seremala wa nyuma ya kanisa. Mtoto wake wa pekee, Ariel, aliondoka kwenda milimani siku ileile na Muyisa. Nilidhani amekuja kutusema. Kumbe alikuwa amebeba bidoni, dumu zima la mawese.

“Mama, unipikie na miye ya Ariel,” alisema.

Nilipandwa na hasira, nikataka kumfukuza. Mama aliitazama ile bidoni, akamwuliza nani atakayepeleka. Adèle akamtaja Anne-Marie.

“Hapana,” Mama akasema. “Tutapeleka weye na mimi. Na tutarudi naye.”

Wakapika. Sabuni ilipokauka walipanda milimani kwa miguu, Anne-Marie akiwaonyesha njia. Jinsi nilivyokaa siku zile sitakuandikia. Alhamisi jioni nikawaona wanakuja, Ariel katikati, Mama amemshika mkono huu na Adèle mkono ule, kama mtoto anayefundishwa kutembea, naye amewapita wote wawili kwa urefu. Adèle alinisimulia kwamba Ariel alikubali kunawa, na kwamba kwenye barieri askari aliwauliza mama wa huyu kijana ni nani. Kabla Adèle hajajibu, Mama akasema, “Ni wangu. Tunatoka shamba.” Askari akamtazama, akainua mwanzi uliofunga njia.

Kwa Adèle walipiga vigelegele. Mama hakuingia. Alirudi nyumbani, akaketi kwenye kitanda cha Muyisa, na hapo ndipo alipolia. Nilikaa kando yake mpaka giza likaingia.

Ariel tumempeleka Beni, yuko Bungulu kwa shangazi Eliane. Usimtaje kwa fonia.

Yaya, nakuomba umwandikie Mama. Usimwambie kwamba si kosa lake, watu wengi wamekwisha kumwambia, na anaitikia kwa heshima tu. Mwandikie unakula nini huko, nyumba yenu ina milango mingapi, Bénite anafanana na nani. Nitamsomea polepole.

Shangazi Eliane anawasalimu, pia pastori Ananie na Anne-Marie. Mbusu Bénite kwa niaba yangu. Mungu awafiche mahali ambapo vita haifiki, na atupe siku ya kuonana tukiwa hai.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na kukukumbuka kila siku,

Élise