Kidole Ulichokikataza

Mama yangu mpendwa,

Nimekaa kwenye ngazi ya ghala hapa Nachingwea, kodiani yako iko magotini kwangu, na ninaogopa. Sikujua nianzie wapi, nimeanzia hapo.

Fausta alinipigia simu kutoka Mbinga. Jumapili ijayo ni misa ya mwaka mmoja tangu utuache. "Kaka, Padri ameshatangaza. Ule wa mwisho utaupiga wewe." Wimbo wenyewe ni ule wa polepole uliokuwa unafungia kila onyesho lako, uliofundishwa na Sista wa misheni aliyekuachia kodiani hii alipozeeka akarudi kwao Ulaya. Nikamjibu sawa. Ningemjibu nini?

Unakumbuka tulivyokuja huku nikiwa mdogo? Wakati huo ulikuwa umeshapiga Songea, Dodoma na Dar, na redio walikuwa wamekurekodi. Ukawapigia walimu wa chuo hapa Nachingwea, wamekaa wima kama wako kwenye mtihani. Kesho yake tukienda Ruangwa, gari likanasa kwenye matope karibu na Nkowe. Wanaume wakisukuma, wewe ukafungua sanduku ukaanza mazoezi palepale barabarani. Ulipiga ule wimbo wa kale ambao sauti moja inatangulia na nyingine zinaifukuza. Watu wakatoka mashambani. Mzee mmoja akasema jambo kwa Kimwera, na mama aliyesimama naye akatutafsiria.

"Anauliza, huu unachezwaje?"

"Hauchezwi, babu. Unasikilizwa."

Mzee akakaa chini, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema tena, na yule mama akacheka kabla hajatafsiri. "Anasema, basi huu ni wa msiba. Na marehemu ni gari lenu."

Ulicheka mpaka mkanda ukateleza begani. Mimi sikujua kama mtu anaweza kupiga muziki wa wakubwa namna ile, na bado akacheka.

Mimi shule niliishia njiani, unajua. Noti sikuzijua vizuri, ulinifundisha kwa kushika. Uliniambia mkono wa kushoto haupati nafasi ya kuona, umejificha kwenye mkanda, na vitufe vya besi ni vingi na vyote vinafanana. Kimoja tu kina kishimo katikati. "Kitafute hicho kwanza kwa kidole cha kati. Hapo ni nyumbani. Ukijua nyumbani hutapotea." Na kila mara kidole changu kidogo kilipotaka kusaidia, ulikigonga. "Hiki ni mgeni. Mgeni hapiki."

Mama, nyumbani sipaoni tena.

Kazi yangu hapa ni kubangua korosho. Zinakuja kwa magunia kutoka Chiola na kwingine, tunapasua ganda na kutoa kiini. Ganda lina mafuta yanayounguza ngozi kama moto. Inatakiwa upake majivu mikononi kila mara, lakini majivu yanatelezesha korosho na yanachelewesha, kwa hiyo wengi tunapaka asubuhi tu halafu basi. Mkono wa kushoto ndio unaoshika korosho. Ngozi imekuwa nyeusi, inabanduka, inaota nyingine ngumu. Nilijua hayo, sikujali. Mpaka siku ile nilipovaa kodiani baada ya simu ya Fausta, nikapapasa, nikapapasa. Vitufe vyote vikawa sawa. Nikabonyeza nikidhani ni chenyewe, ikatoka sauti ya jirani yake. Nilivua mkanda haraka kama mtu aliyeona nyoka.

Ninachoogopa si aibu yangu. Wale akina mama wa kwaya wanaujua wimbo wako hatua kwa hatua. Redio sidhani kama wameutunza. Nikikosea mimi, watakusikia wewe ukikosea, na hiyo ndiyo itakuwa mara yao ya mwisho kukusikia.

Jana Bi Somoe, tunayekaa naye benchi moja, alinikuta hapa napapasa.

"Wewe mtu wa Mbinga, hiyo mikono umeiazima kwa nani?"

"Haisikii kitu, Bi Somoe."

"Yangu je? Mimi nashika kaa la moto nikidhani kiazi. Lete hapa."

Akachukua ncha ya kisu chake cha kutolea kiini, akanigusa kidole kimoja kimoja. "Hiki?" Hapana. "Hiki?" Hapana. Gumba, cha shahada, cha kati, vyote kimya. Cha pete, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Alipofika cha mwisho nikaruka.

"Eh, kumbe yupo aliye hai," akasema. "Huyu hajawahi kushika korosho, mvivu huyu."

Alipoondoka nikavaa kodiani. Nikakipeleka kidole kidogo taratibu juu ya vitufe. Nikakiona kishimo chako, Mama. Kipo palepale.

Sasa naufundisha mkono upya. Vidole vyote vimehama nafasi, wimbo unatoka kwa kusitasita, na pale katikati bado napotea. Alhamisi napanda basi. Hofu ninayo hata sasa ninapoandika, na sidhani kama itaniacha kanisani.

Utausikia mkono si wako. Usinigonge. Mgeni ndiye aliyebaki nyumbani, acha apike.

Mwanao wa kwanza,
mwenye kodiani yako.