Dawa ya Mashavu Nimeificha Ghalani

Mpendwa Bi Khamisa, naomba msaada na naomba upesi, kwa maana hapa nyumbani hakuna mtu naweza kumwambia. Mimi ni mkulima huku Zombe na ni mshiriki wa kanisa, mume wangu nitamwita Mutiso na binti yetu mkubwa nitamwita Syombua ingawa hayo si majina yao, na shida yangu ni huyo Syombua.

Mwaka jana mvua ilikosa, halafu malaria ikamlaza, akabaki mwembamba sana, na wewe unajua siku hizi mtu akikonda watu wanasema ana nini. Alikuwa ameshachumbiwa na kijana wa Makindu, Kisilu, na shangazi ya huyo kijana akaja kutusalimu, lakini nilimwona akimshika binti yangu mkono na kuupapasa vile mtu anapapasa mgongo wa mbuzi sokoni, akanywa chai yangu yote ndipo akauliza, Syombua mwenyewe akisikia, "Na huyu mmempeleka kupimwa?" Nikasema ni malaria tu. Akasema basi mbuzi wa ntheo wangoje kidogo, na bila mbuzi hao sisi Wakamba hatuhesabu kwamba msichana ameolewa, hata akivaa pete kila kidole.

Tangu hapo nikaanza kumlisha, muthokoi ya mahindi ya kukoboa na maharagwe kwa samli, maziwa, mayai ambayo nilikuwa nauza, na kweli Bi Khamisa msichana akanenepa, mashavu yakajaa, nami nikajisifu kwa akina mama wa kikundi kwamba ni muthokoi yangu, hata siku ya shukrani nikamsimamisha kanisani watu waone Mungu alivyotenda, wakapiga makofi, na habari ikafika Makindu, na shangazi akatuma neno kwamba mbuzi watakuja mavuno yakiisha. Siku hiyo nilimwambia Syombua sasa ndiyo anafanana na binti yangu. Alicheka kidogo akatazama chini.

Lakini kulikuwa na mambo niliona na sikutaka kuyaona. Uso ulizidi kuwa mviringo na mikono na miguu ikabaki vijiti, tumbo likatoka michirizi myekundu, akawa mtu wa kunywa maji kila saa, na alipojikata mguu kwa jembe kidonda kikakataa kupona. Halafu nikifua nguo zake nikapata mfuko wa vidonge vidogo vyeupe visivyo na jina, nikamwonyesha jirani yangu Kalondu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba vinauzwa sokoni na mtu anayetandika gunia, anavichanganya na nyembe na mafuta ya nywele, na wasichana wanaviita dawa ya mashavu.

Sikumuuliza Syombua kitu. Nilivificha ghalani nikifikiri akivikosa atajua nimejua, aone haya, aache mwenyewe. Hajauliza. Lakini sasa amelegea, akisimama anashika ukuta, anatapika, hata uji hataki, na jana akaniambia, "Mwaitu, mwili unaniacha." Nikamwambia malaria imerudi, na moyoni najiambia hiyo ni sumu inatoka. Mutiso akijua atamfukuza yeye ama atamfuata kwa panga yule mtu wa gunia. Nikimpeleka hospitali akionekana, Makindu watasema si tulijua. Naogopa kuongea naye na naogopa kunyamaza. Niongee naye namna gani, na je, ningoje mbuzi wapite kwanza?

Mama Mwenye Hofu, Zombe

MAJIBU YA BI KHAMISA

Mama, usingoje mbuzi. Usingoje hata chai ichemke.

Barua yako nimemsomea daktari ninayemwamini, naye aliniomba nirudie pale pa kuficha. Kwa dalili ulizoandika, vidonge hivyo vinafanana sana na steroidi, dawa kali ambayo hospitali humpa mtu wa pumu au wa ugonjwa wa viungo, kwa kipimo na kwa macho ya daktari. Mwili una dawa yake ya namna hiyo unayojitengenezea. Ukiletewa ya nje kwa muda mrefu unaacha kazi, na ya nje ikikatwa ghafla mtu anabaki bila yoyote. Hiyo si sumu inatoka. Huyo ni binti anayeweza kufa mikononi mwako.

Mpeleke hospitali leo, na uchukue kile kifuko ghalani uende nacho, daktari aone alichokuwa anameza. Mwambie kila kitu, na kiu ile pia, apime sukari. Yeye ndiye atakayempunguzia kidogo kidogo, si wewe.

Gazeti hufika kwenu likiwa limezeeka, kwa hiyo nimempigia simu mwenye duka la hapa Kitui mjini ambaye sanduku lake la posta umelitumia. Nimemwomba awatume watu wanaokuja soko la Zombe wakuambie umpeleke binti hospitali na kile ulichoficha. Sikusema zaidi. Aliahidi, lakini sijui kama neno limekufikia, na tangu nikate simu sina raha.

Sasa nikugombeze. Muthokoi ni chakula kizuri, nami nakipenda, lakini hakijawahi kujaza mashavu na kuacha mikono vijiti. Macho yalikuambia, ukayafunga kwa sababu ya makofi. Binti yako hakumeza vidonge kwa tamaa. Aliogopa neno la yule shangazi kama ulivyoliogopa wewe, na kila ulipomsifu ukawa unamwambia aendelee.

Nao wazazi wa wavulana wasicheke. Wapo vijana wa hapa mjini wanaoinua vyuma na kudungwa sindano za steroidi za aina nyingine ili kifua kijae. Ukianza kwa kelele, mtoto atahamisha mfuko tu. Muulize kwanza anamwogopa nani, halafu unyamaze asikie kwamba kweli unasikiliza.

Mutiso mwambie binti akishaonwa na daktari, na umwambie mbele ya mchungaji ili panga libaki ukutani. Mtu wa gunia mpelekee chifu. Makindu waseme watakavyo. Mbuzi huzaa kila mwaka, na huyu ulimzaa mara moja.

Umeuliza uongee naye namna gani. Njiani mshike ule mkono uliopapaswa na umwambie, "Nilikupenda ukiwa mwembamba, na sikukuambia." Mengine yatakuja.

Na kama unasoma haya naye bado amelala humo ndani, mama, wacha gazeti. Inuka.