Ujumbe wa Mke Wangu Unafungukia Kwenye Kompyuta Yangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie na jina langu ulifiche, maana mimi na mke wangu tuna miaka ishirini na miwili ya ndoa na sijawahi kumficha hata kiatu kipya. Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba, nafanyia kazi chumba cha mbele, na macho yameanza kunisumbua, maandishi ya simu nayaona kama sisimizi, basi miezi minne iliyopita nikaamua kuhamishia programu za simu kwenye kompyuta ili ujumbe wa wateja niusome kwenye kioo kikubwa, na kweli ni raha, unaandika kwa vidole kumi, picha ya kiwanja unaiona mpaka mawe yake. Tatizo ni kwamba siku ya kuunganisha, ule mraba wa madoadoa ulitaka upigwe picha na simu, nami nikachukua simu iliyokuwa mezani, na kwa kuwa simu zetu ni za aina moja na namba ya siri ni moja, sikujua kwamba nimeshika ya mke wangu mpaka nilipoona kwenye kioo zamu za wauguzi, maana yeye ni muuguzi, na chini yake mazungumzo yake na mdogo wake. Nilitaka kufunga, nakuapia, lakini macho yakawahi kuona “shemeji yako”. Alikuwa anamwambia kwamba shemeji yako ni mtu mwema, ila siku hizi ukimsemesha anakujibu huku anatazama jiko la mtu mwingine kwenye ramani.

Mshauri, roho iliniuma. Nikaanza kumwitikia nikiwa nimegeuza kiti. Baadaye programu yangu nikaiunganisha inavyotakiwa, lakini yake nikaiacha hapo pembeni, na wiki iliyofuata akaandika kwamba mlango wa kabati unalia, nikautia mafuta, kisha akaandika kwamba akitoka zamu hana pa kutundika koti, anatamani ndoano nyuma ya mlango, upande wa kulia, sentimeta mia moja na arobaini kutoka sakafuni, nikaipiga hapo hapo bila kubahatisha. Sasa anaimba akiosha vyombo, ananiita bwana mkubwa, na mimi nina furaha kama tumeoana jana, ila kila nikiwasha kompyuta natazama kwanza mlangoni. Jana ameandika kwamba Ijumaa hana zamu, anatamani tukae barazani wawili tu, saa kumi alasiri, kompyuta ikiwa imezimwa. Nikikiri, nahofia hataniamini tena maishani, nikinyamaza naendelea kumwibia, na nikikata muunganisho nitarudi kuwa yule bwana wa zamani asiyejua mkewe anataka nini. Nifanye nini?

Mchora Ramani Mwenye Hofu

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu mchora ramani, kwanza kaa vizuri nikugombeze. Kusoma ujumbe wa mtu ni sawa na kumpekua mkoba. Siku ya kwanza ulikosea simu, nakubali. Siku ya pili ulivuta kiti ukakaa. Habari za macho usinieleze, maana kwa macho hayo hayo umesoma miezi minne mizima.

Hata hivyo barua yako nimeirudia mara tatu, na mara ya tatu nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kulikoni. Hivi hujui kwamba simu ikiunganishwa na kompyuta, mwenye simu anaweza kuona? Ipo orodha humo ndani, na kompyuta yako imeandikwa, pamoja na saa uliyoitumia mara ya mwisho. Tena ujumbe mpya ukiufungua wewe, yeye anaukuta umeshasomwa. Mkeo ni muuguzi. Kazi yake ni kujua nani kapewa nini na saa ngapi. Unadhani jambo hilo limempita?

Sasa nijibu wewe: ni mwanamke gani anayemwandikia mdogo wake ndoano iwe sentimeta ngapi kutoka sakafuni? Huyo mdogo mtu angekuja na nyundo? Siwezi kumlia kiapo mkeo, lakini mimi naona ule ujumbe wa kwanza alimwandikia mdogo wake, na ule wa ndoano alikuandikia wewe.

Usianze kutabasamu, kosa bado ni lako. Amekustahi muda mrefu, usimchoshe. Leo, kabla hujachora ukuta mwingine, mwite akae kando yako, muunganisho wa simu yake ukate mbele ya macho yake, wako ubaki. Mwambie, “Siku ya kwanza nilikosea simu. Siku nyingine zote sikukosea. Nisamehe.” Ukimaliza hapo, nyamaza. Akicheka, cheka naye. Akinuna, vumilia, ni haki yake.

Na hilo la kuogopa kwamba hutajua anataka nini limenishangaza kuliko yote. Mteja usiyemjua unamuuliza dirisha analitaka upande gani kabla hujashika kalamu. Mkeo mnakula meza moja. Muulize.

Ijumaa, ikifika saa kumi, akukute barazani umeshakaa. Miezi minne amekuwa akizungumza nawe, naye hajapata jibu hata moja.