Nyundo Mnayo, Mwenye Nyundo Hamna

Mtaa wa Lagrange,
Toledo, Ohio.
12 Mei

Mpendwa mpwa wangu Russell,

Pokea salamu za mjomba wako, mtu mwenye moyo mweupe kuliko wote Toledo, asiyejua kinyongo. Basi, hapo nimedanganya. Nimevunja ncha ya penseli mara mbili kabla sijalifikia jina lako.

U hali gani huko Burbank? Mgongo umepona, au bado unakalia ule mpira mkubwa ofisini kama kuku anayeatamia? Mimi goti linalia baridi ikiingia, mengine mazima. Mama yako hajambo. Jumapili alinipikia pierogi, yale maandazi yetu ya viazi, akanikataza kukutaja mezani. Nikala kwanza, ndipo nikakutaja.

Sasa ile Ijumaa. Unajua shule niliiacha darasa la sita, na kusoma nilifundishwa na Nyundo Bubu wa vitabu vya katuni. Yule fundi wa boila asiyesema, anayeandika maneno yake kwenye kibao kwa herufi kubwa, matatu manne tu, hata kichwa kigumu kama changu kiliyaweza. Wewe nawe nilikupakata nikakusomea hayo hayo. Ulipofika miaka mitano ukaanza kunisahihisha, mjuaji wewe.

Filamu ya kwanza ya Kikosi cha Alfajiri, baada ya majina yote kupita, ninyi wa studio mlituonyesha nyundo yake imelala thelujini. Nyundo tu, basi. Miaka mitatu meza yetu ya Jumamosi, kwenye duka la katuni la Bernadine, imeishi kwa theluji ile, ikimngoja aje. Ni Hubert peke yake aliyekuwa na shaka. Alisema waliomchora Nyundo Bubu waliuza haki yake zamani kwa studio nyingine, walipokuwa na njaa, na kwamba kwenye filamu zenu hatakanyaga. Nikamcheka. Nikamwambia mpwa wangu anakaa ofisi hiyo hiyo ya haki, na amenieleza mwenyewe kwa simu: "Mjomba, njoo Ijumaa ya kwanza ya filamu ya pili, na wenzako wote. Na msinyanyuke mpaka mwisho kabisa."

Tukaja sinema watu kumi na mmoja, tumevaa kama mashujaa wetu. Mimi aproni ya ngozi, kibao shingoni. Desturi yetu unaijua: anayemvaa Nyundo Bubu hasemi mpaka avue. Hata bisi niliagiza kwa chaki, binti wa kaunta akasubiri nimalize kuandika "siagi".

Saa ya kwanza hayupo. Saa ya pili nyundo ikaokotwa na kijana mmoja mwenye meno mazuri na mdomo usiofungika. Anaongea akiruka, anaongea akipigwa, anaongea chini ya maji. Hubert akanigeukia taratibu. Nikaandika: "Subiri." Majina yakapita, na lako nikaliona, dogo kama kiroboto, chini ya Haki na Mikataba. Kisha kiza, kisha taa, kisha mfagiaji na ufagio wake. Kumbe haki ya nyundo mnayo, ya mwenye nyundo hamna.

Hubert hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Bernadine alikaa na mabawa yake ya kadibodi mapajani, akauliza polepole, "Chester, yule mpwa wako alijua?"

Watu kumi wananitazama. Nikaandika "HAPANA", kubwa, ionekane mpaka safu ya nyuma. Yule mtu katika vitabu vyake vyote hajawahi kuandika uongo kwenye kibao kile. Mimi niliuandika, tena nimevaa nguo zake, kwa ajili yako.

Jumatatu nilipokupigia simu hukubisha. Ulisema ulijua tangu majira ya baridi, mkataba uliupiga chapa wewe mwenyewe, ila ulikuwa umesaini karatasi ya kunyamaza. Sawa. Mtu anayenyamaza namwelewa. Lakini wewe hukunyamaza, Russell. Uliongea. Ulituita tuje wote, kwa kuwa wakubwa zako wanahesabu viti vya siku ya kwanza. Mgeni akinidanganya namtukana, nakwenda kulala. Wewe nilikusomea.

Jumamosi iliyopita nilikwenda dukani. Wakanivutia kiti changu, Hubert akanimiminia kahawa mwenyewe, yeye ambaye hajamimina kitu tangu afunge ndoa. Wananihurumia kwa kuwa eti mimi nawe sote tulidanganywa na studio. Kahawa ile niliiacha ikapoa.

Msalimu mkeo Noreen, na wale pacha, Gail na Theo, waambie babu yao bado ana meno manane na yote yanauma watoto. Mama yako anakubusu, ingawa amenuna. Mungu akulinde kwenye barabara zenu hizo, akupe na usingizi mzuri, ila si kabla hujanitendea jambo moja dogo, maana nimekufichia na sasa nakudai. Jumamosi hii, saa kumi alasiri, tutakuwa sote mezani. Piga simu dukani, umtake Bernadine, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulijua. Ni dakika mbili tu. Mimi nitakuwa nimekaa karibu na simu, lakini sitaipokea.

Mjomba wako, akupendaye kwa taabu wiki hii,
Chester